Mpiga picha wa Sindeni na kiti kilichoshindwa kubeba mwezi

Ni asubuhi ya kupima mahindi. Foleni imetoka mlangoni mwa ghala la kijiji, imezunguka ukuta, inakaribia kujikanyaga mkia, na katikati yake amesimama mtu asiye na hata punje moja. Rehani Mhina amebeba begani kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi la kijivu na kufungwa kamba ya mkonge huku na huku.

Kila anayepita anamsalimia yeye, lakini macho yanalisalimia blanketi.

"Baba Mwantumu," anaanza Bibi Zamda, aliye mbele yake na madebe mawili ya mahindi. "Kama hiyo ni maiti, makaburi yako kule. Kama ni bunduki, useme mapema tulale chini."

"Ni darubini, bibi. Ya kutazamia mwezi."

"Mwezi nautazama tangu sijaota meno. Sijawahi kuufunika blanketi."

Foleni inacheka, kisha inanyamaza kwa pamoja, kama watu waliokumbuka kwamba hawajuani vizuri. Nyuma ya Rehani yuko Saning'o, mfugaji wa uwanda wa chini aliyekuja kuomba auziwe mahindi ya watoto. Anasogea tu nyuma kidogo, na fimbo yake anaileta mbele.

Zamu inafika. Mtunza ghala ni Sadala, kaka wa Mashavu, mke wa Rehani. Mizani anayoisimamia ndiyo mizani pekee ya kijiji: sahani pana ya chuma chini, mkono mrefu juu, kidude cha kutelezesha juu ya mkono huo, na mwishoni limening'inia jiwe la chuma la kuupinga mzigo. Mkono ukitulia usawa, Sadala husoma namba.

"Shemeji, hapa tunapima mahindi."

"Nipimie na hili. Nataka kujua kiti chake kibebe uzito gani."

"Bomba nalo lina kiti?"

"Hata mwenyekiti anacho, shemeji."

Blanketi linafunguliwa. Bomba jeupe, nene kama paja, lenye kioo mdomoni. Mama mmoja anamvuta mwanawe. Rehani anaifunga kamera yake kwenye mkia wa bomba, kwa sababu kamera nayo ina mwili wake, kisha analaza vyote juu ya sahani. Sadala anatelezesha kidude, mkono unacheza, unatulia.

"Kilo kumi na moja!" anatangaza, kwa sauti ya kumfikia hadi mtu wa mwisho. "Wote mmeona?"

Wote wameona. Ubaya wote uliofuata shina lake ni hapo.

Rehani ni mtu wa miaka arobaini na ushee, mwembamba, mwenye vidole vilivyoingia madoa ya dawa ya kuoshea picha yasiyotoka kwa sabuni wala kwa maombi. Kwao ni Kwashemshi, milimani, na ndiyo maana Wazigua wa Sindeni, ambao ni watani wake, hawampi nafasi ya kupumua. "Msambaa akikupa mkono," humwambia, "hesabu vidole ukirudishiwa wako." Yeye hucheka. Anasema mtu aliyeoa kwa watani amekubali kuchekwa hata akiwa na homa.

Kazi aliijulia Korogwe mjini, akimbebea viti na mapazia mpiga picha mmoja wa Kihindi jirani na stesheni. Baadaye akapata kamera yake mwenyewe na shuka la bluu la kutundika nyuma ya watu. Kila gulio la Handeni analijua kwa vumbi lake. Picha moja ni shilingi mbili, na mwaka wa njaa hakuna picha. "Watu wanakula kwanza, wanatabasamu baadaye," anasema. "Kuna miezi kamera yangu haikufunuliwa hata kufutwa vumbi."

Darubini aliipata Mnyuzi. Mashamba ya mkonge yalipochukuliwa na serikali, Mgiriki mmoja mzee aliyekuwa fundi wa mitambo huko alifungasha virago. Kabla ya kuondoka alimwita Rehani ampigie picha kaburi la mkewe, pande zote, aondoke nalo kwa namna hiyo.

"Alilia, nami nikangoja," anakumbuka Rehani. "Nilipomaliza akanipa lile bomba. Kiti chake kilikuwa kimeshauzwa pamoja na makabati. Aliyekinunua alidhani ni cha kuwekea beseni."

Mzee yule alimwachia na neno moja. Kwa kutazama, alisema, kiti kikiuweza mzigo wake inatosha. Kwa kupiga picha, tafuta kiti kinachouweza mzigo huo mara mbili.

"Nilimwitikia tu, kama mtu anayeitikia dua asiyoijua maana. Sasa naijua. Jicho lina msamaha. Darubini ikitetemeka, jicho linangoja itulie, linaendelea. Filamu haina msamaha. Inaandika kila kosa."

Kosa la kwanza, hata hivyo, halikuwa la uzito. Lilikuwa la ulimi. Kwenye garimoshi la kutoka Mnyuzi askari alimuuliza ni kitu gani kile. Rehani akasema ni cha kutazamia mwezi. Askari akamwambia afungue, aeleze tena, aeleze mara ya tatu. Alipofika Korogwe na kupanda lori la Handeni, dereva naye akauliza, na Rehani, kwa kuchoka, akajibu: "Bomba la maji."

Uongo ule ulifika Sindeni kabla yake. Wakati huo kijiji kipya cha ujamaa, nje kidogo ya Sindeni, kilikuwa hakina kisima, na akina mama walikuwa wakifuata maji mbali. Lori liliposimama, wakampokea kwa vigelegele na ndoo. Wengine walikuwa wameshachagua mahali pa kuchimba. Ncha ya blanketi ikafunuliwa, kikaonekana kioo tu.

"Tangu siku ile," anasema Rehani, "nikisema kumekucha, watu wanatoka nje kuhakikisha."

Na kijiji chenyewe kilikuwa na sababu zake za kutoaminiana. Watu walikuwa wameletwa kwa malori kutoka vitongoji vya mbali, kila mmoja na kuku wake na siri zake. Mtu alilala ukuta kwa ukuta na jirani ambaye hakujua hata babu yake alizikwa wapi. Jioni kulikuwa na mazoezi ya mgambo, na redio ilikuwa ikisema Wareno wako ng'ambo ya Ruvuma na wapelelezi wao wanaweza kuwa popote. Ruvuma ni mbali na Handeni, lakini hofu haipandi basi, haihitaji nauli.

Katika hali hiyo Rehani akaanza kujenga kiti.

Umbo lake alilitoa kwenye mzegazega, ule mti wa kubebea maji begani, ndoo huku na ndoo kule. Alisimamisha nguzo yenye miguu mitatu, juu yake boriti iliyozunguka kwenye ekseli ya kitoroli cha mkonge aliyoiokota Korogwe. Ncha moja ya boriti ibebe darubini na kamera. Ncha ya pili ibebe chuma chenye uzito uleule. Vikilingana, unaigusa kwa kidole kimoja inakwenda unakotaka, unaiachia inakaa.

Chuma alikikatisha Korogwe, kipande cha reli, kikapimwa hukohuko kwenye duka la vyuma: kilo kumi na moja kamili.

Alipokipachika, darubini ikainama. Polepole, bila kelele, kama mzee anayekaa chini. Akaiinua. Ikainama tena. Akaamini ekseli ndiyo mbovu, akaifunga ile ncha ya chuma kwa kamba hadi kwenye kigingi, ikasimama.

Jioni ya nusu mwezi kijiji kizima kilijaa uani kwake baada ya swala ya magharibi. Hakualika mtu. Mgambo walikuwa wamempanga Sadala alinde, na Sadala alisimama karibu kabisa na ile kamba, mikono nyuma, kifua mbele.

Wenye moyo walitazama. Saning'o alitazama muda mrefu, akaondoa jicho, akautazama mwezi kwa macho yake, akarudi kwenye kioo. "Ero," akamwita Rehani kwa Kimasai, "huu wa ndani umeuficha wapi huu wa nje?" Bibi Zamda alitazama akasema "Mmh" tu. Bibi Zamda kusema "mmh" na kunyamaza, hiyo yenyewe ni habari ya kutangaza.

Kisha Rehani akaifunga kamera kwenye mkia wa bomba, akaiacha filamu ipate mwanga kwa muda wa kumeza mate, akaziba.

Picha ilipooshwa, kilichotoka hakikuwa mwezi. Kilikuwa mchirizi mweupe uliopinda, umepanuka huku, umekonda kule, na kidoa pembeni.

Picha ilimfikia mwenyekiti kabla Rehani hajapata la kusema. Mzee Sengasu, mwenyekiti wa kijiji, ni mtu mpole anayeongea kama anayeonja chumvi. Aliitisha mkutano, picha ikapita mkono kwa mkono.

"Hii ni Pangani," akasema Sadala. "Tazameni. Hapa mto unapinda. Hapa ni daraja la Korogwe."

"Na hiki kidoa?" mtu akauliza.

"Hicho," akasema Sadala, na akangoja wote wanyamaze, "ni ghala letu."

Uwanja ulivuma. Mtu aliyedanganya bomba la maji, sasa amechora ramani. Nani kamtuma? Kwa nini alilipima bomba hadharani, kama si kutuzoesha? Mbona mkewe hacheki siku hizi? Mwingine akadai aliliona lile bomba likimulika.

Mzee Sengasu alingoja vumbi litulie. "Ndugu Rehani," akasema, "mwezi mwingine ukifika nusu, utapiga tena mbele ya wote. Kuosha utaosha na mjumbe wetu ndani. Ukitoka mwezi, bomba ni lako na wewe ni wetu. Kikitoka kitu kingine, bomba litakwenda wilayani, nawe utafuatana nalo na watu wako, mkajieleze huko."

Watu wake ni Mashavu na binti yao Mwantumu, aliyekuwa ameanza tu darasa la kwanza kijijini hapo. Nyumba waliisimamisha kwa mikono yao, muhogo ulikuwa umeshika. Na mpiga picha aliyepelekwa wilayani akajieleze, hata akirudi salama, nani tena atakaa mbele ya kamera yake?

Kuanzia hapo Rehani naye akawa mtu wa kushuku. Anakiri bila haya.

"Nilijiuliza, aliyesimama karibu na kamba ni nani? Sadala. Aliyesema neno ramani wa kwanza ni nani? Sadala. Nikasema, shemeji ameisukuma kwa goti."

Akafanya walivyofanya wazee wakitaka kumjua anayewaendea uani: akamwaga jivu kuzunguka kiti chote, laini, bila kuacha pengo. Asubuhi akachutama kusoma nyayo. Kuku. Kuku. Mbuzi. Hakuna mguu wa mtu. Lakini kamba ilikuwa imekazika kama ya kigoma, na darubini ilikuwa imeshuka zaidi ya alivyoiacha.

"Hapo nikaogopa kweli. Nikasema huyu anayekuja hana miguu."

Mashavu, mkewe, alicheka hadi akaketi. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu shamba la tatu. Siku hiyo wingu la mvua lilikuwa limetanda, akaja kusaidia kuingiza vitu ndani. Akashika chuma mkono huu, darubini na kamera yake mkono ule. Mlangoni akasimama.

"Baba Mwantumu, hili bomba linakishinda chuma chako."

"Haiwezekani. Mizani imesema sawa."

"Mimi nimebeba maji tangu utoto. Debe moja likipungua kata moja, bega linajua kabla ya jicho. Hili linashinda."

Mvua ilipopita wakavirudisha vitu mahali pake, wakafungua kamba. Darubini ikainama kama kawaida yake. Mashavu akaenda jikoni, akarudi na figa la zamani, akalitia kikapuni, akakitundika kikapu upande wa chuma. Haikutosha. Akaleta figa la pili. Boriti ikapanda, ikayumba kidogo, ikatulia. Rehani akaigusa kwa kidole, ikageuka. Akaiachia, ikakaa pale pale.

Hakuna aliyeshangilia. Chuma kilipimwa Korogwe. Darubini ilipimwa ghalani. Kama darubini ilikuwa nzito kuliko ilivyotangazwa, basi ile mizani ilikuwa inapunja kila kilichopanda juu yake, na kilichopanda juu yake, msimu mzima, kilikuwa mahindi ya kijiji.

Akina mama walikuwa wakisema siku nyingi. Debe linajaa nyumbani, likifika ghalani linakonda. Wakaambiwa ni unyevu, wakaambiwa ni panya, wakaambiwa hawajui hesabu.

"Usiseme," akasema Mashavu.

"Mama Mwantumu..."

"Ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Wakisikia hawatauliza kama aliiba. Watauliza alipeleka wapi."

Walizozana siku kadhaa, kwa sauti ya chini, maana ukuta wa jirani una masikio. Rehani alimkumbusha Mashavu nani aliyeiita picha ramani. Mashavu akamkumbusha nani aliyempa boriti za kuezekea nyumba. Mwishowe wakakubaliana kunyamaza. Rehani angeiongezea nguzo miguu minene, aizamishe ardhini, kiti kiuweze mzigo mara mbili kama alivyousiwa. Mafiga yangekaa kikapuni, kikapu kingefunikwa blanketi. Picha ingetoka, bomba lingebaki, na Sadala asingeguswa.

Jioni ikafika. Mwezi ulikuwa umekatika katikati, safi, juu ya paa la ghala. Kijiji chote kilikuwepo, na safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Sengasu aliletewa kigoda. Sadala alisimama palepale pa zamani, lakini Rehani aliona kwamba hautazami mwezi. Alikuwa akilitazama blanketi.

Hakuwa peke yake. Bibi Zamda alikwenda moja kwa moja, akalifunua.

"Mbona chuma kimezaa mawe?"

"Ya kusawazisha, bibi."

"Kusawazisha nini? Bomba kilo kumi na moja, tumeona. Chuma kilo kumi na moja, umesema mwenyewe. Mawe ya nini?"

Mashavu alimtazama mumewe, kisha akayashusha macho chini. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, Rehani anasema, jepesi kabisa: ekseli imepinda. Nani angebisha? Lakini alishawahi kujibu jibu jepesi kwenye lori, na akina mama wakaja na ndoo.

"Chuma kilipimwa Korogwe," akasema. "Bomba lilipimwa hapa. Viwili hivi havilingani, ingawa mizani ilisema vinalingana. Mimi sijui zaidi ya hapo."

Ilichukua muda kidogo, kama radi inavyochelewa baada ya umeme. Kisha Bibi Zamda akaketi chini, kwenye mchanga, na mikono kichwani. "Madebe yangu! Jamani, madebe yangu!"

"Mnamsikiliza Msambaa na bomba lake?" akapaza Sadala. "Mtu aliyewaletea maji ya kioo?"

Mzee Sengasu hakuinua sauti. "Sadala. Lile jiwe linaloning'inia kwenye mizani ni lilelile tulilokabidhiwa?"

Sadala akamtazama dada yake. Kisha akasema, na sauti haikuwa tena ya mtangazaji, kwamba jiwe lenyewe lilianguka kutoka kwenye lori siku ya kuhamia. Alirudi kulitafuta kwa miguu, hakuliona. Akamwendea mhunzi wa majembe amfulie jingine, kwa kukisia.

"Kwa nini hukusema?"

"Siku zile, mzee, aliyepoteza jembe aliitwa mhujumu. Jiwe la mizani ningeitwa nani?"

Jiwe la kukisia lilikuwa zito kuliko la kwanza, na jiwe likizidi, mahindi yanaonekana yamepungua. Hilo wengi walilielewa. Kuliamini ni jambo jingine.

"Lilianguka lenyewe?" sauti ikatoka nyuma.

"Lilianguka."

"Na mahindi yaliyozidi, nayo yalianguka?"

"Yaliondoka na malori kama mengine! Mimi sikula hata konzi!"

Hadi leo kuna wanaosema alikula. Kuna wanaosema mhunzi ndiye alikula, wengine dereva. Na wako wanaosema Rehani alijua siku nyingi, akangoja mwezi ufike nusu ili amtoe shemeji yake sadaka. Katika kijiji hicho, hata ukweli unaulizwa umetokea wapi na umefikia kwa nani.

"Maneno ya mizani ni kesho," akaamua mwenyekiti. "Mwezi haungoji kikao. Piga, Ndugu Rehani."

Rehani akapiga. Boriti haikutikisika.

Mjumbe aliyechaguliwa kuingia chumba cha kuoshea alikuwa Bibi Zamda, maana yeye, walisema, hahongeki. Chumba ni kibanda kilichozibwa mablanketi, na koroboi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Nje walimsikia akikohoa, akilalamikia harufu ya dawa, akiuliza kila chupa ina nini. Kisha wakasikia kelele.

"Mweusi! Umetuharibia mwezi!"

Ilibidi Rehani atoke kueleza kwamba kwenye filamu cheupe huonekana cheusi, na karatasi ndiyo itakayougeuza. Hakuna aliyeondoka. Wengine waliwasha moto wakakaa, wasije wakabadilishiwa.

Asubuhi, filamu ilipokauka, picha ikatoka. Ilikuwa ndogo, mwezi wenyewe mkubwa kama shilingi, lakini ukingo wake ulikuwa mkali kama wa kisu, na kwenye mpaka wa mwanga na giza yalionekana mashimo, madogo kwa makubwa.

"Una ndui," akasema Saning'o, kwa huruma.

Mzee Sengasu aliishika karibu, akaishika mbali. "Ni mwezi," akasema. Basi. Darubini ikabaki ya Rehani, na Rehani akabaki Sindeni.

Lakini mizani ya kijiji hakuna aliyetaka tena kuipanda. Kutoka wilayani imeahidiwa kwamba jiwe la kweli litaletwa. Wakati linangojewa, wanakijiji walikaa wakaona kwamba mahali pamoja tu uzito ulisema kweli mbele yao, napo ni uani kwa mpiga picha. Kwa hiyo kila siku ya kupima Rehani huamshwa na foleni. Huiteremsha darubini, huilaza kitandani kwa Mwantumu, na mahali pake hutundikwa mahindi, upande wa pili kile kipande cha reli cha Korogwe na vingine vilivyolinganishwa nacho.

Sadala hufika. Hukaa kwenye kinu kilichogeuzwa, hatua chache kando, na hakuna anayemruhusu aguse kamba. Dada yake humpelekea uji. Kwa muda mrefu hakumwita Rehani shemeji. Juzi alimwita, ingawa ilikuwa kumwambia kwamba ekseli imeanza kulegea.

Imelegea kweli. Magunia si darubini. Boriti iliyotulia chini ya mwezi sasa inacheza kama jino la mtoto, na Rehani hajapiga picha ya mbingu tangu ile moja. Anayoitaka ni sayari ya Zohali. Anasema Mgiriki alimwonyesha kitabuni pete ya sayari hiyo, nyembamba, na yeye tangu hapo hajawahi kuitazama pete ya mke wa mtu bila kuikumbuka. Mashavu anasema hajawahi kununuliwa pete, basi anajua anazungumziwa nani.

Rehani ameshaomba kiti chake mara mbili kikaoni. Mara zote mbili ameulizwa anakitaka cha nini.

Sasa amepata njia, nayo inapitia kwa Bibi Zamda. Bibi huyo, baada ya kupimiwa madebe yake na kuridhika, alikaa nyumbani akafikiri, kisha akarudi na swali jipya: na hicho chuma cha Korogwe, nani alishuhudia kikipimwa?

"Nilimwambia hakuna, bibi, ila mimi," anasema Rehani. "Akasema, ndiyo nilivyodhani."

Wiki ijayo wanapanda lori la Korogwe, Rehani, Bibi Zamda na kipande cha reli katika kikapu, kikapimwe mbele ya macho yake kwenye mizani ya duka la kwanza, kisha ya duka la pili, na kama hataridhika, ya stesheni. Akiridhika yeye, kijiji kimeridhika, vyuma vitahamia ghalani vikae na boriti yake mpya, na kiti kitarudi kwa mwenyewe. Nguzo ya pili, nene zaidi, imeshakatwa, inakauka kivulini nyuma ya nyumba.

"Nitaiwekea miguu inayouweza mzigo mara tatu," anasema Rehani, akiipigapiga kwa kiganja. "Mara mbili ni ya darubini. Ya tatu ni ya watu watakaokuja kuiegemea wakinichunguza."